Sukari, damu na mafuta

Tiba ya kuhuisha viungo kwa sindano, kwa masimulizi ya wanaoifanya, ilianza na kidole gumba kilichobanwa mlangoni. Miaka ya 1930 Earl Gedney, mpasuaji wa Marekani aliyesomea osteopathia, alibanwa kidole na milango ya chumba cha upasuaji. Nyuzi zinazokishika kiungo zikavutika, kiungo kikalegea, maumivu yakagoma kuisha, na wenzake hawakuwa na la kumsaidia. Mpasuaji asiyeweza kubana kisu kati ya vidole viwili hana kazi. Gedney akakumbuka jinsi madaktari wa zama zile walivyotibu ngiri bila kupasua: walidunga dawa yenye kuwasha pembezoni mwa tundu, mwili ukajenga kovu, na kovu likalikaza lile tundu. Kama kovu linakaza tumbo, kwa nini lisikaze kidole? Akajidunga mwenyewe, akarudi kazini. Mwaka 1937 alichapisha taarifa fupi kuhusu viungo vilivyolegea, na mwaka 1956 mpasuaji mwingine, George Hackett wa Ohio, akaitungia kitabu njia hiyo na kuipa jina la prolotherapia.

Wazo lenye mantiki, mtu mmoja aliyepona, na hakuna wa kumlinganisha naye: hivyo ndivyo zilivyo mpaka leo nyingi ya sindano zinazotangazwa kwa jina la tiba ya kuhuisha viungo. Zinatangazwa Nairobi na Dar es Salaam kama zinavyotangazwa Dubai na Mumbai, na anayezitangaza hakosi video ya mama aliyekuwa hawezi kukamua nguo na sasa anazikamua. Mama huyo simdharau, na sina sababu ya kudhani kwamba anadanganya. Ninachouliza katika sura hii ni kitu kingine: angekuwaje leo kama ile sindano ingekuwa na maji ya chumvi tu?

Tuanze na kiungo chenyewe. Fuata kidole gumba kuanzia kwenye ukucha, pita pingili ya kwanza, pita ya pili, teremka kwenye nyama nene ya kiganja hadi karibu na kifundo cha mkono. Hapo ndipo mfupa wa kiganja unaobeba kidole gumba unapokalia kijifupa kidogo kiitwacho trapezi. Nyuso za mifupa hiyo miwili zimekutana mfano wa matandiko mawili ya farasi yaliyopandana, moja likiwa limegeuzwa upande. Umbo hilo ndilo linalokiwezesha kidole gumba kwenda mbele, kurudi nyuma, kutanuka pembeni na kukutana ana kwa ana na kila kidole kingine cha mkono. Lakini halina kina. Mfupa wa paja umezama ndani ya nyonga, hauwezi kuteleza ovyo. Huu wa kidole gumba hauna pa kuzama, unategemea nyuzi na misuli kuushikilia.

Na mzigo wake si mdogo. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Cooney na Chao, walipiga hesabu ya nguvu zinazopita kwenye kidole gumba. Waliona kwamba ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1, kiungo hicho, yaani shina la kidole gumba, kinabeba takriban kilo 12. Ukikamata kitu kwa nguvu zako zote, mzigo unaweza kufika kilo 120. Sasa ihesabu siku moja ya mwanamke wa pwani: kukuna nazi, kumenya mihogo, kukamua mashuka, kuzungusha ufunguo katika kufuli lenye kutu, kusuka ukili mpaka giza liingie, kisha kuandika ujumbe kwenye simu kwa kidole hicho hicho. Miaka hamsini ya siku kama hizo, na nyuzi zinalegea kidogo, tandiko la juu linateleza kidogo, na lile gegedu laini linalofunika ncha za mifupa linaanza kulika upande mmoja.

Wanaoumia zaidi ni wanawake waliokoma hedhi. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1994 ulitazama eksirei za mikono ya wanawake 143 wa umri huo, na kwa robo yao shina la kidole gumba lilikuwa limechakaa. Lakini katika hao ambao kiungo hicho peke yake ndicho kilichochakaa, ni asilimia 28 tu waliosema kinawauma. Mimi naona hiyo ndiyo takwimu muhimu kuliko zote katika habari hii, na sijawahi kuiona kwenye tangazo lolote la sindano. Maana yake ni kwamba picha ya mfupa uliolika si picha ya maumivu. Mtu anaweza kuwa na kiungo kilichoharibika vibaya akaendelea kukuna nazi bila kulalama, na jirani yake mwenye uharibifu mdogo akashindwa kufungua chupa ya maji. Kwa hiyo maumivu yanaweza kupungua bila gegedu kuota tena hata chembe, na daktari akikuonyesha eksirei yako na kusema, "Hapa ndipo tutakapojaza," anakuahidi jambo ambalo hata likifanikiwa huenda lisikuhusu.

Jambo lenyewe halijafanikiwa. Gegedu halina mishipa ya damu, na chembe hai zake ni chache, zimetawanyika, zinaishi kwa chakula kinachopenya polepole kutoka kwenye ute wa kiungo. Kidonda cha ngozi kinafunga kwa sababu damu inakifikia. William Hunter, tabibu wa Kiskoti, aliwaeleza wanachama wa Royal Society mjini London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na akaongeza kwamba jambo hilo lilikuwa tayari linajulikana tangu zamani. Karibu miaka mia tatu imepita. Kuna upasuaji wa kupandikiza gegedu kwenye goti la kijana aliyeumia michezoni, lakini hakuna sindano iliyothibitika kuliotesha upya gegedu kwenye kidole gumba cha mtu mzima aliyechakaa kiungo. Neno "kuhuisha" kwenye mabango linatangulia mbele ya sayansi.

Kabla ya sindano yoyote, inafaa kujua kama ni kiungo hicho kweli. Mgonjwa anaingia kwa daktari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaumwa wapi?"

Bibi haonyeshi kidole. Anakamata nyama ya kiganja chini ya kidole gumba kwa mkono wa pili, kama anayeificha. "Hapa. Nikizungusha ufunguo nakiona cha moto. Nimeambiwa ni baridi yabisi, nimechua na mafuta ya karafuu, wapi."

Daktari anashika kidole gumba, anakisukuma taratibu kuelekea kifundo na kukizungusha. Bibi anaruka, na ndani ya kiungo kuna msago unaosikika kwa vidole. Hiyo ndiyo alama. Baridi yabisi halisi ni ugonjwa mwingine, wa kinga ya mwili kushambulia viungo, na huvimbisha vidole vya mikono yote miwili na kuviacha vikakamavu kwa muda mrefu asubuhi. Unahitaji dawa zake, na kuuchelewesha kwa ajili ya sindano za kuhuisha ni hatari. Maumivu ya upande wa kifundo kwa mama anayenyanyua mtoto mchanga mara nyingi ni ya ala ya kano, si ya kiungo. Na ganzi ya vidole usiku ni habari ya mshipa wa fahamu uliobanwa. Nimesikia watu wa makundi yote haya wakipewa jibu moja na sindano moja.

Sindano ya kwanza ambayo hospitali nyingi huifikiria ni ya steroidi. Hiyo haijidai kuhuisha kitu, inatuliza uvimbe. Wengi hupata nafuu ya wiki kadhaa, na kwa mtu mwenye harusi ya mwanawe mwezi ujao, wiki kadhaa si kidogo. Ila ushahidi wake kwa kiungo hiki ni mwembamba kuliko sifa zake. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 40 waliogawanywa kwa kura, nusu steroidi, nusu maji ya chumvi, bila wao kujua nani kapata nini. Baada ya wiki 24 hakukuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Mwaka 2018 jumuiya ya wataalamu wa viungo wa Ulaya ilisema wazi kwamba sindano za steroidi zisitumike kwa kawaida kwenye viungo vya mkono vilivyochakaa. Isitoshe, steroidi hupandisha sukari ya damu kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari, na ikirudiwarudiwa inaweza kudhoofisha nyuzi na kukonda ngozi. Udhaifu huo wa steroidi ndio ulioacha mlango wazi kwa wengine wote.

Mrithi wa moja kwa moja wa Gedney ni sindano ya sukari. Ni deksitrosi, ile ile ya chupa za dripu, iliyokolezwa asilimia 10 hadi 25 na kuchanganywa na dawa ya ganzi. Hackett aliamini kwamba sindano ya aina hii inauchokoza mwili uanze kujikarabati, nyuzi zinene na kukaza. Siku hizi wapo wanaosema kazi yake kubwa ni kutuliza mishipa midogo ya fahamu inayobeba maumivu. Mimi sijali sana ni ipi kati ya hizo mbili, almradi mtu aseme ameipima vipi.

Na imepimwa. Mwaka 2000 Reeves na Hassanein wa Marekani walichapisha utafiti wa watu 27 wenye vidole vilivyochakaa, kidole gumba kikiwemo. Wengine walipata deksitrosi ya asilimia 10, wengine maji yenye ganzi bila sukari, mara tatu ndani ya miezi minne. Maumivu ya wakati wa kukunja na kunyoosha vidole yalipungua zaidi kwa waliopata sukari. Maumivu ya kupumzika na ya kushika kwa nguvu hayakutofautiana vya kutosha. Kisha Iran. Mwaka 2014 Jahangiri na wenzake walichukua wagonjwa 60 wenye uchakavu wa shina la kidole gumba, wakawagawa kwa kura: kundi moja deksitrosi ya asilimia 20 kila mwezi kwa miezi mitatu, kundi jingine steroidi. Mwezi mmoja baadaye steroidi ilikuwa mbele. Miezi sita baadaye deksitrosi ilikuwa imeipita, kwa maumivu na kwa uwezo wa kutumia mkono.

Msomaji mwenye kisukari ataruka hapa, basi nimtulize. Sindano ya nusu mililita yenye sukari ya asilimia 20 ina sukari gramu 0.1. Kijiko kimoja cha chai kina kama gramu 4. Kati ya sindano ya steroidi na ya sukari, ya sukari ndiyo isiyotikisa sukari yako.

Huo utafiti wa Iran unanivutia, na nina shaka nao vilevile. Unanivutia kwa sababu ulifanywa kwa dawa ambayo hakuna kampuni inayoweza kuimiliki wala kuipandisha bei. Shaka yangu ni kwamba deksitrosi ililinganishwa na steroidi, na tumeshaona kwamba baada ya wiki 24 steroidi haikuwa na tofauti na maji ya chumvi. Kumshinda mtu aliyekwisha kuchoka miezi mitano nyuma si ushindi wa kubebewa mabegani. Kinachokosekana ni utafiti mkubwa, wa mamia ya watu, kati ya deksitrosi na maji ya chumvi, kwenye kidole gumba peke yake. Na mtu wa kuulipia ni nani, wakati bidhaa yenyewe ni miongoni mwa vitu vya bei rahisi kabisa kwenye stoo ya hospitali?

Damu ndiyo iliyopata walipaji. Anachukuliwa mgonjwa damu yake mwenyewe mkononi, inazungushwa kwenye mashine kwa kasi mpaka chembe nyekundu zinashuka chini, na ile sehemu ya majimaji yenye chembe sahani nyingi inavutwa na kudungwa kwenye kiungo. Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu kwenye kidonda, na ndani yake zimebeba protini zinazoita chembe nyingine zije kujenga. Madaktari wa kinywa waliitumia kwanza kwa umaarufu: Robert Marx wa Miami alichapisha mwaka 1998 jinsi ilivyosaidia mifupa ya taya iliyopandikizwa. Kutoka taya ikahamia kwenye kano za wanamichezo, kutoka kwa wanamichezo ikashuka kwa sisi wengine, na njiani ikakusanya bei ya wanamichezo.

Kwa kidole gumba, utafiti unaotajwa zaidi umetoka Ugiriki. Malahias na wenzake waliwagawa wagonjwa 33: wengine sindano mbili za chembe sahani, wiki mbili zikiwa katikati, wengine mbili za steroidi, zote kwa kuongozwa na ultrasaundi. Baada ya miezi 12 waliopata chembe sahani walikuwa na maumivu machache zaidi na waliridhika zaidi. Wagonjwa 33 ni darasa moja la shule, na mpinzani ni yule yule steroidi aliyechoka.

Kwa hiyo ni lazima tuazime goti, ambako kazi kubwa imefanyika. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la Australia lililoongozwa na Kim Bennell: watu 288 wenye uchakavu wa goti usio mkali sana, sindano tatu kila mmoja, wiki baada ya wiki, nusu chembe sahani, nusu maji ya chumvi. Walifuatiliwa mwaka mzima. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, waliopata chembe sahani walishuka kwa 2.1. Waliopata maji ya chumvi walishuka kwa 1.8. Tofauti hiyo haikuwa na maana kitakwimu, na mgonjwa asingeihisi. Gegedu, lililopimwa kwa picha za sumaku, liliendelea kupungua katika makundi yote mawili, karibu sawasawa.

Wanaouza chembe sahani wana majibu, na mengine yana uzito. Goti si kidole gumba. Na hakuna dawa moja iitwayo chembe sahani: mashine moja inatoa mkusanyiko mara mbili ya damu ya kawaida, nyingine mara sita, moja inaacha chembe nyeupe ndani, nyingine inaziondoa. Marx alipendekeza kwamba ili ifae, iwe na chembe sahani milioni 1 kwa kila maikrolita, wakati damu ya mtu mzima huwa na kati ya 150,000 na 450,000. Haya, nakubali. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Kama utafiti wa Australia ulishindwa kwa sababu ya namna ya kutengeneza, basi kliniki ya mjini inayokudunga leo itueleze yenyewe ilipata chembe ngapi kwenye bomba lako. Uliza. Kliniki nyingi hazihesabu.

Mafuta nitayapitia haraka. Wapasuaji wa Ujerumani wamekuwa wakifyonza mafuta kidogo kutoka tumboni, kuyasafisha na kuyadunga kwenye shina la kidole gumba, na wagonjwa wao wengi wamesema maumivu yalipungua. Baadhi ya taarifa hizo hazina kundi la kulinganisha. Mafuta yana seli shina, na hapo ndipo lugha ya matangazo inapopaa. Lakini seli zilizomo kwenye bomba la mafuta yaliyooshwa hazijaonyeshwa kugeuka gegedu ndani ya kidole cha mtu. Asidi ya hayaluroni, kilainishi cha viungo ambacho kwa miaka mingi kilitolewa kwenye kilemba chekundu cha jogoo, nayo haikuwa na bahati: utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, wagonjwa 60, uliilinganisha na steroidi na maji ya chumvi, na zote tatu zikamaliza kwa takriban hali moja.

Lililobaki ni bidhaa za kitovu na kondo la nyuma la watoto wa watu wengine. Hizo sitazipitia haraka, kwa sababu zimeumiza watu. Mwaka 2018 wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitalini kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa kwenye viungo au uti wa mgongo bidhaa iliyotengenezwa kwa damu ya kitovu. Bakteria walikutwa pia kwenye vichupa ambavyo vilikuwa havijafunguliwa, yaani uchafu ulikuwa umeingia kiwandani kabla ya sindano kumfikia daktari. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha bidhaa yoyote ya aina hiyo kwa maumivu ya viungo. Ukiambiwa Dar es Salaam au Mombasa kwamba imeidhinishwa Marekani, umedanganywa. Na swali la pili, je, TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya imeisajili, lina jibu ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kuliulizia.

Nirudi kwa maji ya chumvi, maana yana mambo. Zhang na wenzake walikusanya majaribio 198 ya uchakavu wa viungo mwaka 2008, wakaona kwamba wanaopewa dawa bandia hupata nafuu ya kweli, kubwa kuliko wasiopewa kitu, na kazi nyingine zimeonyesha kwamba sindano bandia hutuliza kuliko kidonge bandia. Sehemu ya nafuu hiyo ni imani, ambayo haina aibu: mkono uliogusa, chumba safi, picha ya ultrasaundi kwenye kioo, daktari aliyekusikiliza. Sehemu nyingine, nadhani kubwa, ni mwendo wa ugonjwa wenyewe. Kidole gumba kilichochakaa hakiumi sawasawa mwaka mzima. Kinapanda na kushuka. Hakuna mtu anayetafuta sindano ya bei kubwa katika wiki nzuri. Anakwenda maumivu yakiwa yamefika kileleni, na kutoka kileleni njia ni ya kushuka tu, umedungwa au hujadungwa. Mfa maji haishi kutapatapa, na alichokishika maji yakipungua ndicho atakachokisifu.

Sisemi kwamba sukari na damu hazifanyi kitu. Nasema tofauti yake na maji ya chumvi kwenye kiungo hiki haijapimwa vya kutosha, na kwamba bei zake zimepangwa kufuata utamu wa hadithi. Sukari ina ushahidi usiopungua wa damu, pengine unaoizidi kidogo, na inauzwa rahisi kwa kuwa haina hadithi ya kisasa. Damu ina mashine inayozunguka. Seli shina zina mustakabali wa binadamu. Mtu aliyeshawishika kudungwa, akiniuliza, ningemwelekeza kwenye sukari, kwa mikono ya mtu anayeongozwa na ultrasaundi, kwa sababu kiungo hicho ni chembamba mno na mdungaji asiyekiona hukikosa kirahisi. Baada ya hapo ningemtaka anipe miezi sita kabla hajalipia kingine.

Lakini kabla ya hapo kuna banzi. Ufaransa, mwaka 2009, Rannou na wenzake waliwachukua watu 112 wenye maumivu ya shina la kidole gumba, wakawapa nusu yao banzi la kitambaa cha neoprini lililokatwa kwa kipimo cha mkono wa kila mmoja, la kuvaliwa usiku tu. Mwezi wa kwanza hakukuwa na tofauti ya maumivu. Mwezi wa kumi na mbili waliovaa banzi walikuwa na maumivu machache na walitumia mikono yao vizuri zaidi kuliko waliotibiwa kama kawaida. Utafiti huo uliwagusa wagonjwa zaidi ya mara tatu ya ule wa chembe sahani wa Ugiriki. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2019 inapendekeza banzi la shina la kidole gumba kwa nguvu zote, na miongozo hiyo hiyo inakataa kwa nguvu zote sindano za chembe sahani na za seli shina kwa goti na nyonga. Banzi halina video. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kulikunja kwa plastiki ya kulainishwa na maji ya moto, mgonjwa akiwa amekaa mbele yake, na lazima amwambie mapema kwamba mwezi wa kwanza hataona kitu. Wengi hulitupa katika wiki ya pili.

Pamoja na banzi huenda mazoezi ya kuimarisha misuli inayotanua kidole gumba, jeli ya diklofenaki ya kupaka, na kubadilisha vitu nyumbani. Mpini wa kisu uzungushiwe kitambaa uwe mnene. Ufunguo uvishwe kipande cha mpira au ubao wa kuuongezea urefu. Nguo zikamuliwe kwa kuzungushia kwenye bomba, si kwa kusokota mikononi. Nazi akune mtu mwingine. Katika nyumba nyingi hilo ndilo gumu kuliko sindano zote, kwa maana linahitaji mazungumzo na mabinti na, Mungu akipenda, na wavulana.

Wachache watafika kwenye kisu. Mpasuaji wa Uingereza, W. H. Gervis, alieleza mwaka 1949 namna ya kuondoa kile kijifupa cha trapezi chote, na hadi leo, pamoja na nakshi zote zilizoongezwa juu yake, upasuaji huo haujapitwa wazi na mwingine. Mkono huchukua miezi kurudi kazini, na maumivu kwa wengi huisha au hupungua sana. Mtu anayefikiria kufika huko aandike mahali tarehe za sindano zake zote na kilichokuwamo ndani, kwa sababu mpasuaji atauliza. Kiungo kilichodungwa steroidi karibuni kina hatari kubwa zaidi ya kupata maambukizi kikipasuliwa, na wapasuaji wengi huahirisha kazi mpaka ipite miezi mitatu.